Majembe ya Kwenda Uturuki

Tulinagwe: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

Shadrack: Shikamoo shangazi. Ni mimi, Shadrack. Natumia simu ya Judith, jirani yangu wa duka—

Tulinagwe: Shadrack gani?

Shadrack: Shadrack wako. Wa Tunduma.

Tulinagwe: Wewe kijana, usichezee watu wazima. Shadrack tunamlilia hapa Hasamba tangu jana.

Shadrack: Mnanililia? Nimefanya nini?

Tulinagwe: Umekufa.

[Mtandao unakwaruza.]

Shadrack: Haloo? Shangazi, sijasikia vizuri. Nimesikia kama nimekufa.

Tulinagwe: Umesikia vizuri. Na mimi shikamoo ya maiti siitikii. Kama ni wewe kweli, marehemu mama yako alikuwa anakuitaje ukikojoa kitandani?

Shadrack: Shangazi! Judith anasikia, nimeweka spika—

Tulinagwe: Sema, au nakata.

Shadrack: [kwa sauti ndogo] Mto Momba.

Tulinagwe: Mwe! Mwe, jamani! Ni yeye! Yu hai! [vigelegele, mtu anaangusha sufuria] Nyamazeni huko, sisikii! Marahaba, baba. Marahaba, marahaba.

Shadrack: Nani kawaambia nimekufa?

Tulinagwe: Redio. Imesema Uturuki imetetemeka, maghorofa yamelala chini, watu wamo kwenye kifusi. Wewe unauza nguo wapi?

Shadrack: Uturuki. Lakini shangazi—

Tulinagwe: Chini ya nini?

Shadrack: Chini ya ghorofa. Lakini huku Uturuki ni jina tu! Ni kichochoro chetu hapa sokoni, wanakiita hivyo kwa sababu tunauza magauni ya Uturuki. Nchi yenyewe iko mbali, mpaka upande ndege.

Tulinagwe: Mzee Rubeni wa kanisani naye alisema hivyohivyo. Nikamwambia, Mbeya kwenyewe hujafika, habari za ndege umezitoa wapi?

Shadrack: Si ungenipigia kwanza?

Tulinagwe: Nimepiga siku mbili! Yule dada wa kwenye simu anasema hupatikani. Nikamuuliza, hapatikani kasafiri, au hapatikani yuko chini ya ukuta? Akaanza Kiingereza. Nikajua, hapa ninafichwa.

Shadrack: Simu iko kwa fundi. Ilitumbukia kwenye ndoo ya maji.

Tulinagwe: Haya. Turubai limefungwa, mbuzi yuko motoni, Rubeni kashahubiri. Amekusifu mpaka nikaanza kujiuliza kama ni wewe.

Shadrack: Kasema nini?

Tulinagwe: Eti ulikuwa unapenda kuja nyumbani.

Shadrack: Shangazi, unajua biashara za huku mpakani—

Tulinagwe: Sijasema kitu mimi. Sasa sikiliza. Kirikuu ya Deus, ile gari yake ya mizigo, imetoka huku asubuhi. Mama Goodness yumo, Restuta yumo, wanawake tisa. Wamebeba mablanketi, unga, maharage. Na majembe.

Shadrack: Majembe ya nini?

Tulinagwe: Ya kukufukua.

Shadrack: Wanawake tisa? Na majembe? Hapa sokoni, mchana kweupe? Shangazi, nitaonekanaje? Wapigie warudi!

Tulinagwe: Mwenye simu ni Restuta, na yuko anaimba mapambio. Akiimba huyo hasikii kitu. Saa hizi watakuwa wameshapita Mpemba.

Shadrack: Sasa jembe linatanguliaje? Si mngemtuma kwanza mtu mmoja aje aulize—

Tulinagwe: Mwanangu Kefa alipofunikwa na shimo la mgodi kule Zambia, nilimtuma mtu akaulize.

Shadrack: Shangazi...

Tulinagwe: Nilikaa mlangoni nasubiri jibu. Jibu lilipofika, walikuwa wameshazika. Safari hii nikasema jembe litangulie, maswali yatakuja nyuma.

Shadrack: Pole, shangazi.

Tulinagwe: Nimeshapoa. [anapenga kamasi] Na hao wa Uturuki ya kwenye ndege, wamekufa kweli?

Shadrack: Maelfu. Judith ana mtu wake kule, anaitwa Yusufu, ndiye anayemshonea magauni. Leo siku ya tatu hapokei simu.

Tulinagwe: Ana shangazi?

Shadrack: Eti, Judith, Yusufu ana shangazi? ... Hajui.

Tulinagwe: Miaka yote mnavaa nguo za mtu, hamjui hata kama ana shangazi!

Shadrack: Wenye maduka tunakusanya vitu. Mablanketi hasa, kule theluji inaanguka. Kuna mwenye mizigo Dar amesema atasafirisha bure.

Tulinagwe: Basi chukueni yote yaliyomo kwenye kirikuu. Na unga.

Shadrack: Wale ugali hawaujui, shangazi. Wanakula mikate.

Tulinagwe: Wawekeeni na mwiko, watajifunza.

Shadrack: Na huo msiba hapo? Si muwaambie watu waende makwao?

Tulinagwe: Waende na nini? Mbuzi anaiva, machozi yameshatoka, hayarudi ndani. Yatakuwa ya hao wa Uturuki. Nitamwambia Rubeni abadilishe jina, aombe kwa ajili ya Yusufu.

Shadrack: Judith anasema asiombewe kama marehemu. Bado haijajulikana.

Tulinagwe: Mwambie hata Yusufu wa kwenye Biblia baba yake alimlilia yu hai. Asichoke kupiga. ... Analia huyo?

Shadrack: Analia, na anacheka. Shangazi, salio linakata. Halafu— ee Mungu wangu. Wamefika.

Tulinagwe: Wangapi?

Shadrack: Wote! Wanashuka wanalia. Watu wanafunga maduka, wanadhani ni mgambo. Mama Goodness anauliza kifusi kiko wapi!

Tulinagwe: Usiwaeleze kitu.

Shadrack: Nisiwaeleze?

Tulinagwe: Waache wakushike kwanza. Maneno baadaye.

Shadrack: Wananipapasa— mama zangu, shikamooni, ni mimi, ni mzi— Restuta, weka jembe chini! Aaa! Shangazi, Mama Goodness ananivuta sikio!

Tulinagwe: Mwambie avute na la pili. Hilo la kwangu.

Shadrack: Nimesikia! Nimesikia, shangazi! Jumapili nina—

[Simu inakatika.]

Tulinagwe: Haloo? Jumapili una nini? Haloo! ... Rubeni, njoo hapa na simu yako. Huyu hawezi kuniachia Jumapili katikati.