Benedicta Kalinga, Aliyepima Upya

Wapendwa waombolezaji, kitakachosomwa hapa hakuna atakayekiamini, hasa ninyi mliotoka Iringa mnaomjua aliyekiandika. Wasifu huu umeandikwa na Yotamu Kalinga, baba mdogo wa marehemu, aliyeishia darasa la sita, na ambaye maneno yake tangu ujana watu huyapunguza nusu kabla ya kuyameza. Lakini safari hii ni kweli tupu, neno kwa neno. Marehemu aliyahakiki mwenyewe akiwa kitandani, penseli mkononi, na pale alipokata pamebaki pamekatwa.

Marehemu Benedicta alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1970, katika hospitali ya misheni ya Tosamaganga, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Benjamini Kalinga na Mama Faustina, ambaye yupo nasi hapa. Yotamu, wakati huo mwenye miaka kumi na miwili, alipewa ambebe siku ya pili. Katika rasimu aliandika kwamba mtoto alizaliwa na kilo tano, kwa sababu mikono ilimuuma. Penseli imesema kilo 2.9, na pembeni: "Kadi ya kliniki ipo kwenye sanduku la mama." Ipo kweli. Tumeiona.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1978 huko huko Tosamaganga. Mwaka uliofuata baba yake mdogo aliua chatu kwenye mahindi, karibu na Mto Ruaha Mdogo, ngozi akaigongomea ukutani, akawatangazia majirani kuwa ni futi kumi na nane. Bene, mtoto wa miaka tisa, alikuja na kamba ya katani na rula ya shule. Alipanda juu ya kigoda, akapima taratibu, watu wakiwa wamesimama wanamtazama.

"Baba mdogo, ni futi saba na inchi mbili."

"Imesinyaa ilipokauka, mwanangu."

"Imesinyaa futi kumi na inchi kumi?"

Majirani walicheka, na mwenye chatu akacheka nao, maana angefanyaje. Bene alimaliza darasa la saba mwaka 1984, akasoma sekondari Iringa mjini mwaka 1985 hadi 1988, kisha akajiunga na chuo cha maabara Dar es Salaam, alikopata stashahada mwaka 1992. Januari 1993 aliajiriwa Mbeya.

Tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Lusekelo Mwaisumo wa hapa Ilomba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ipyana na Joyness. Mwalimu Lusekelo anasema katika miaka thelathini ya ndoa hawakuwahi kubishana juu ya jambo lolote linaloweza kupimwa. Hayo mengine, anasema, ni yao.

Kazi yake ilikuwa kutazama vitu ambavyo macho yetu hayavioni, na kusema vina ukubwa gani. Ndani ya jicho la hadubini kuna kioo kidogo kilichochorwa mistari kama ya rula. Mistari hiyo peke yake haisemi kitu. Lazima kwanza uilinganishe na kioo kingine ambacho nafasi kati ya mistari yake inajulikana, ndipo ujue mstari mmoja wa jichoni una mikroni ngapi. Na mikroni ni kipande kimoja cha milimita uliyoikata vipande elfu. Ukibadilisha lenzi au jicho, unalinganisha upya. Majibu unayaandika kwenye kadi, unaibandika ubavuni mwa hadubini. Yotamu alipoelezwa haya aliuliza kwa nini serikali isinunue rula ya dukani. Bene alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 2008 mradi wa utafiti wa minyoo alikokuwa anafanya kazi ulikusanya sampuli za choo kutoka kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga, jirani na Chimala. Mayai ya minyoo aliyoyapima yalitoka na urefu wa mikroni themanini na nne. Mayai ya safura, minyoo inayoingilia nyayoni, huwa kama sitini. Themanini na nne ni saizi ya minyoo ya mbuzi na kondoo. Mkuu wa mradi, Dk. Taslim, binti wa wenye duka la vitambaa Iringa mjini, alifurahi sana. Jambo la namna hiyo halikuwahi kuonekana pale. Ripoti ikaandikwa, ikishauri mbuzi waondolewe majumbani. Jina la Bene liliwekwa la pili kutoka juu, na kwa sababu ya kazi hiyo akachaguliwa kwenda masomoni nje kwa miaka miwili.

Alimpigia simu baba yake mdogo kumpa habari njema. Kufikia Jumapili, vilabu vyote vya pombe ya ulanzi kuanzia Tosamaganga hadi Iringa mjini vilikuwa vimeshajua kwamba mtoto wa Kalinga amegundua mdudu ambaye dunia haijawahi kumwona, na kwamba mdudu huyo ataitwa Kalinga.

Ijumaa moja, ripoti ikisubiri kuchapwa Jumatatu, Bene aliona chembe nyekundu ya damu kwenye moja ya sampuli zile. Kwa mazoea tu akaipima. Mistari mitatu. Kwa kadi yake, mikroni kumi na nusu. Chembe ya damu ya binadamu haizidi sana saba na nusu, awe mkulima au waziri. Alijiuliza watu wa Chimala chembe zao zimenenepa tangu lini. Akachukua kioo cha kulinganishia, akakiweka chini ya lenzi. Kadi ilisema mistari arobaini ya jichoni inalala juu ya kumi na minne ya kioo. Alipotazama, ililala juu ya kumi. Akatazama tena. Kumi.

Hapo akakumbuka. Mwezi Februari hadubini ilipelekwa kutengenezwa, ikarudi na jicho jingine, na kadi ya zamani ikabaki ubavuni. Mayai mia tatu kumi na mawili yalikuwa yamepimwa kwa kadi isiyo yake. Kwa hesabu sahihi yalikuwa na mikroni sitini: ya safura, safura ya kila siku.

Katika rasimu, baba yake mdogo aliandika kwamba kosa lilikuwa la fundi. Marehemu alikata maneno "la fundi", akaandika juu yake: "langu". Yeye ndiye aliyeipokea hadubini, akasaini, akaanza kupima bila kulinganisha upya.

Aliingia ofisini kwa Dk. Taslim akaeleza yote akiwa amesimama.

"Dada Bene," daktari akauliza, "nani mwingine ameona hili?"

"Hakuna, daktari."

"Na unajua nafasi yako ya masomo imesimama juu ya ripoti hii?"

"Najua. Lakini wale watu watauza mbuzi zao, na watoto wataendelea kukanyaga matope peku."

Dk. Taslim alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Haya, nionyeshe hicho kioo."

Walipima upya yai moja moja kwa siku kumi na moja. Ripoti ilitoka mwaka uliofuata ikitaja safura. Kijiji kikachimba vyoo, watoto wakavalishwa viatu, mbuzi wakabaki zizini. Nafasi ya masomo alipewa mtu mwingine, na nyingine haikuja. Wanakijiji walimletea Bene mbuzi wa shukrani. Mwandishi alikuwa ameandika watatu. Alikuwa mmoja.

Kisha akapanda basi kwenda Iringa.

"Kamwene, baba mdogo. Yule mdudu hayupo."

"Hayupo vipi? Nimeshamtangaza!"

"Basi rudi ulikomtangaza."

"Bene mwanangu, watanicheka mpaka nizikwe."

"Mimi nimeshachekwa kazini. Twende wote."

Walikwenda. Bene alikaa naye kwenye benchi la kilabu, soda mkononi, mpaka baba yake mdogo aliposimama akasema kwamba mdudu ni safura na kosa limeonwa na aliyelifanya. Watu walicheka, ndiyo. Lakini mzee mmoja alisogea akamshika Bene mkono kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo Yotamu hakuhitaji kuongeza kitu akimtaja binti yake. Ameongeza hata hivyo, lakini hakuhitaji.

Kwa miaka kumi na sita iliyofuata, vijana wote waliopita mikononi mwake walijifunza jambo hilo kwanza: hadubini ikitoka kwa fundi, haipimi kitu kabla ya kulinganishwa na kusainiwa. Alikuwa anawasimulia kosa lake mwenyewe, na tarehe yake.

Mwezi Novemba 2024 alianza kuumwa tumbo. Daktari alimwambia ana uvimbe wa wastani kwenye kongosho. "Wastani ni sentimita ngapi?" Daktari akatazama karatasi. "Nne nukta mbili, mama." "Ahsante. Sasa tunaongea." Ilikuwa saratani. Alitibiwa hapa Mbeya kwa uvumilivu mkubwa, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote.

Aprili mwaka huu alimwita baba yake mdogo aje Ilomba na karatasi. Aliulizwa kwa nini asimwachie mumewe, ambaye ni mwalimu. "Lusekelo ataandika nilikuwa malaika," alisema. "Wewe utatia chumvi, lakini chumvi yako naijua ilipo, naweza kuitoa." Alihakiki karatasi nne. Ya tano aliirudisha tupu, pembe ya chini ameikunja na kuibana kwa pini, penseli bado mkononi. "Hii utaandika mwenyewe, baba. Usikunjue mpaka ufike chini."

Marehemu Benedicta alifariki dunia Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mumewe na Joyness wakiwa wamemshika mikono. Ameishi miaka hamsini na mitano, miezi mitatu na siku mbili. Baba yake mdogo amehesabu kwa kalenda, akarudia kwa vidole.

Ameacha mama yake mzazi, Mama Faustina. Mume wake, Mwalimu Lusekelo. Watoto wawili, Ipyana na Joyness. Mjukuu mmoja, Blessing. Ndugu wa tumbo moja wawili. Na baba mdogo mmoja asiye na wa kumsahihisha. Bwana ampe Bene wetu pumziko alilolifanyia kazi.

Tangu Jumatano hiyo, waliofika hapa Ilomba kuhani msiba wamejaa uani, wamejaa njia yote mpaka kwenye lami, na kwa macho ya baba yake mdogo, ambayo bado ni mazima, hawapungui watu elfu tisa mia nne na

*"Baba mdogo, umewahesabu?"*