Doa kwenye Merikani

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji nilivuka Rufiji kwa mtumbwi pamoja na Bi Kijakazi, mkunga wa Ruaruke, na mwanamke tusiyemjua. Mkunga aliona doa la damu kwenye shuka ya merikani aliyojifunga yule mwanamke, kifuani.

"Mwanangu, unanyonyesha?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Hapana, bibi. Wangu wa mwisho ana miaka sita." "Titi moja au yote mawili?" "Moja. Inatoka yenyewe, sikamui." "Kuna uvimbe?" "Mdogo, hauumi." "Usiouma ndio unaonitisha. Twende kwangu leo nikuangalie."

"Siwezi. Mume wangu amekunywa dawa ya vita ya kuzuia risasi, nami nina mwiko wa kutolala na mwanamume hadi arudi. Watu wakisikia natoka damu, watasema ni alama kwamba nimelala na mtu. Akipigwa risasi, nitakuwa nimemuua mimi." "Na ukifa wewe, atakuwa amekuua nani?"

Mimi nilijifanya natazama viboko, na siku hiyo hapakuwa na kiboko hata mmoja.

Mtumbwi ukagota ukingoni. Mwanamke akashuka, amejifunika hadi shingoni. Bi Kijakazi akanigeukia. "Na wewe, mbona umejishika titi moja?"

Nikamwambia ni baridi. Jua lilikuwa la utosi.