Mwalimu Polikarp Kasonso, Aliyefundisha Hila za Sinema

Marehemu Mwalimu Polikarp Kasonso alizaliwa Kate, Ufipa, tarehe 14 Machi 1926, mwana wa pili wa mfua chuma, Mzee Ignasi. Alisoma shule ya misheni palepale Kate. Siku padre alipowaonyesha taa ya picha ukutani, wenzake walitazama ukuta. Yeye alikwenda kuchungulia taa.

Alizunguka na gari la sinema miaka mingi, kisha mwaka 1968 akaanza kufundisha watu wazima mjini Sumbawanga. Aliwasimulia jinsi mafundi wa kale wa sinema walivyochora milima juu ya kioo na kujenga miji midogo ya mbao iliyotosha juu ya meza.

"Kwa hiyo mlima ule si wa kweli, Mwalimu?" aliuliza mwanafunzi mmoja.

"Wa kweli utaujua kwa kuhema ukiupanda, bwana."

Alifunga ndoa na Bibi Adela mwaka 1953, wakajaliwa Leonsi na Zita. Mwaka 1973, akifundisha katika kijiji cha ujamaa, alimketisha Zita kigodani, akampiga picha, akasimamisha kamera. Zita akaondoka, kamera ikaendelea. Picha ilipoonyeshwa ukutani, binti alitoweka ghafla kigodani. Watu wakaangua kicheko. Mwaka uliofuata, Juni 1974, mtumbwi aliopanda Zita ulizama ziwani karibu na Kasanga. Zita alikufa maji, na mwili wake haukuonekana.

Kicheko kikageuka kuwa minong'ono: baba ni mchawi, alimpoteza kwanza kwenye picha. Bibi Adela naye akaamini.

"Baba Leonsi, wewe ndiwe uliyemwondoa. Mrudishe!"

Mwalimu alieleza, aliapa, alilia. Aliyeelimisha vijiji alishindwa kuielimisha nyumba yake. Waliishi hivyo, wakila chungu kimoja bila neno.

Ugonjwa wa ini ulipomlaza mwaka 1977, aliomba jambo moja tu: mkewe ashike kamera, yenye mkanda wa mwisho aliokuwa ameutunza, wairudie hila ile. Mwalimu aliketi kigodani. Bibi Adela akabonyeza, akaachia. Mgonjwa alipaswa kuondoka, lakini hakuweza kuinuka. Mkewe akamwendea, akamnyanyua kifuani, akamlaza mkekani, kisha akarudi kupiga picha ya kigoda kitupu. Alipomaliza, aliitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hivi tu, Baba Zita?"

"Ni hivi tu, mama."

Tangu msiba ule Bibi Adela hakuwahi kumwita kwa jina hilo.

Mwalimu alifariki alfajiri ya tarehe 9 Novemba 1977, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe. Ameacha mjane, Bibi Adela, mwana mmoja, Leonsi, na wajukuu wawili.

Mungu amlaze kwa utulivu, pale alipo Zita.