Hubert Thorpe, Tarishi Aliyezuiwa Kutembea

Marehemu Hubert Olufemi Thorpe alizaliwa hapa Freetown tarehe 14 Agosti 1957, katika nyumba ileile ya mbao tulimomtoa leo asubuhi. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Bwana Josiah Thorpe na mkewe Ajoke. Mimi ni Arabella, dada yake mkubwa. Wasifu huu nausoma mimi kwa sababu hakuna aliyemgombeza miaka mingi kunishinda.

Alisoma shule ya kanisa kule bondeni, akamaliza mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga, lakini hakuna uchochoro asioujua. Mwaka 1978 posta ikamwajiri kupeleka barua, akapanda na kushuka vilima hivi kwa miguu miaka thelathini na minne. Siku ya harusi yake, tarehe 6 Desemba 1986, alimweka Modupeh nusu saa mlangoni mwa kanisa, eti njiani alipitia kwa mama mmoja kumpa barua ya mwanawe. "Barua haijui harusi," akasema. Modupeh alicheka. Mimi sikucheka. Walijaliwa Olaniyi na Remilekun. Modupeh alitangulia mwaka 2015, nami nikahamia kwa mdogo wangu nimtunze.

Karatasi mliyoshika inasema aliugua kwa muda mfupi. Si kweli. Presha alikuwa nayo miaka kumi, na sote tulijua. Vidonge alimeza kichwa kikiuma, kisipouma, aliviacha. Na Jumamosi nani angemnyima foofoo, ugali wetu wa muhogo, na kwato za nguruwe za chumvi? Nilizipika mimi.

Januari 2023 ngazi za kwetu, zote sabini na nane, zilimshinda. Tukaenda kwa daktari.

"Mzee, moyo wako umeshindana na presha mpaka ukuta wake umenenepa."

Mwenzenu akafurahi. "Mnene si ndio wenye nguvu?"

"Hapana, mzee. Umekuwa mgumu, haulegei ukajaa damu vizuri. Ndiyo maana ukipanda unatweta. Meza dawa kila siku, punguza chumvi, na utembee, kidogo kidogo, kila siku."

Mimi nilisikia neno moja tu, moyo. Nikafunga geti kwa kufuli, na Hubert akakaa kwenye kiti cha barazani miezi kumi na minne.

Jirani yetu Santigie akipita alimtania, "Posta, umefungwa kwa kosa gani?"

"Kosa silijui, ila mlinzi wangu hali rushwa!"

Walicheka. Kisha mdogo wangu alinigeukia. "Dada, nifungulie nifike kwa Santigie tu."

"Ukafie njiani? Kaa hapo!"

"Dada, naoza hapa."

Nikamletea uji.

Mwanzoni aliweza kuzunguka nyumba nzima bila kupumzika. Kufikia Krismasi, kutoka kitini mpaka chooni alishika ukuta mara mbili, pumzi zinamkatika. Nami nikamwambia, "Unaona sasa? Ndiyo maana nakukataza." Ee Mungu wangu, nilimwambia hivyo.

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa nne asubuhi, kitini, uso umeelekea barabarani. Daktari aliniuliza alikuwa akitembea kiasi gani. Nikajibu nilimzuia. Akasema mwili usiotembezwa husahau kazi, na moyo ule ulihitaji miguu iusaidie. Hakusema nilimuua. Hakusema sikumuua.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, rafiki yake Santigie, na mimi.

Desturi inataka nimalizie kwa kusema apumzike. Nilimpumzisha vya kutosha. Mungu amfungulie, atembee.