Bi Gundi na Vipande vya Kitabu cha Sala

Leo tarehe thelathini, saa kumi jioni, Bi Gundi atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya kufunga na kutengeneza vitabu vya dini. Naandika haya mimi, Wembe, mkuu wa karakana na mkataji wa karatasi, niliyestaafu miaka sita iliyopita na kuitwa tena kwa mkataba kwa sababu mashine ya kukata ilikataa kumtii mtu mwingine. Karani alijitolea kuniandikia, nikamwambia mikono yangu inatosha. Shule niliishia darasa la nne, lakini vitabu vya imani vilivyopita mikononi mwangu hajavifikia profesa yeyote, hata kama vingi nilivijua kwa mgongo tu.

Niliambiwa niandike nusu ukurasa wa kumuaga. Sababu naijua. Anayestaafu akiwa na faili safi huandikiwa wasifu mrefu na kupewa Cheti cha Utumishi Uliotukuka mbele ya watu. Faili la Bi Gundi lina barua ya onyo ya miaka kumi na tisa iliyopita, kwa hiyo kamati imeamua apewe saa ya ukutani na kushikwa mkono. Barua hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu, na nusu ukurasa haitanitosha.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na sita, mwembamba kama uzi aliopewa kushonea. Nilisema mbele ya wote kwamba huyu Ijumaa haioni. Nilikosea, na mimi kukosea ni nadra. Kufika mwaka wa pili alikuwa anashona kurasa haraka kuliko wanaume wawili, na gundi yake ilishika hadi wateja wakaanza kumwita jina ambalo sasa hata watoto wake wanalitumia.

Kwake kila kitabu kilikuwa mgeni wa heshima. Alinawa kwanza, akatandika kitambaa cheupe, ndipo akakifungua. Ukileta msahafu ulioloa, kitabu cha tenzi kilichochakaa kwa vidole vya wanakwaya, au historia ya watawa wa zamani ambayo hata panya waliichoka katikati, vyote vilipata kitambaa kilekile. Wafanyakazi walibishana miaka mingi kuhusu dini yake. Mimi nilijua tangu mwanzo, ila sikuulizwa.

Alikuwa na macho ya ajabu. Alisema ukurasa uliolowa machozi haujikunji kama ukurasa ulionyeshewa mvua. Nikambishia, nikadondosha maji kwenye karatasi mbovu kwa siku tatu, na sikuwahi kumpata kwa uongo. Alijua pia kwamba kitabu cha sala, cha imani yoyote, ukikiacha kifunguke chenyewe, kitafunguka kwenye sala ya mgonjwa. Hapo ndipo karatasi huwa nyeusi kwa mikono.

Na alikuwa na sharti lake moja, lililonikera sana. Hakuna kipande cha kitabu cha dini kinachoingia kwenye pipa la taka. Kila kitabu kilitundikiwa mfuko wake pembeni mwa mashine yangu, na vipande vyote, hata vyembamba kama njiti, vilirudishwa kwa mwenyewe. Wengine huvizika, wengine huvichoma, wengine huviweka, na yeye alisema si kazi yetu kuwachagulia. Nikamwita mlinzi wa takataka. Akanijibu bila kuinua uso, “Kaka, kinachotoka kwenye kitabu cha mtu ni cha mtu.”

Sasa nasema kuhusu ile barua.

Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Jumanne, muuguzi mmoja mstaafu alileta kitabu cha sala cha marehemu mama yake. Mama huyo kwa miaka arobaini aliandika kwa penseli, pembeni mwa kurasa, majina ya watu aliowaombea. Aliyejibiwa alimwekea alama ndogo ya vema. Jina la binti yake, huyu muuguzi, lilikuwamo, halina alama. Muuguzi alikuwa anakwenda kufanyiwa upasuaji Jumatatu, na alitaka kulazwa na kitabu hicho.

Bi Gundi aliandika kwenye karatasi ya maelekezo: pembeni kusikatwe. Karatasi hiyo sikuisoma. Enzi hizo nilikuwa sisomi maelekezo, nikisema mkono wangu unajua. Nikakiweka kitabu kwenye mashine, nikakata pande tatu. Na niseme kweli, sijawahi kukata kitabu kikanyooka kama kile.

Bi Gundi alipokifungua, alikuta majina yamekatika katikati. Mkurugenzi wa wakati ule, mtu mkali, alipita na kuuliza nani amefanya hivi. Mimi nilikuwa nimeinama nikitia mafuta mashine ambayo nilikuwa nimeshaitia. Nikamsikia Bi Gundi akisema, “Kosa limetoka mezani kwangu.”

Akaandikiwa onyo. Mwezi huohuo palitafutwa mkuu wa karakana, na kila mtu alijua ni yeye. Kwa ajili ya barua ile akarukwa, nikapewa mimi, ambaye maonyo yangu yalikuwa ya zamani. Nikapokea. Nikanunua na kalamu ya mfukoni.

Yeye akauteremsha mfuko. Vilikuwamo vipande mia mbili na kumi na tisa, na tangu Jumatano hadi Jumamosi alivipanga kwa lenzi, nusu ya herufi akiitafutia nusu yake, akaviunga kwa karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Kimoja hakikuwamo, na hakijaonekana hadi leo. Pale aliacha peupe, hakuthubutu kubuni jina la mtu.

Muuguzi alipokuja, Bi Gundi alimweleza kila kitu isipokuwa mkono uliokata. Muuguzi akafunua hadi kwenye jina lake, akapitisha kidole kwenye mstari wa kiungo. Akasema, “Mama yangu hakuwahi kukata hata mkate ukanyooka hivi,” akacheka huku akijifuta macho. Baada ya miezi miwili alirudi kwa miguu yake, akaazima penseli, akajiwekea alama ya vema mwenyewe.

Nilimfuata Bi Gundi stoo nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Kaka Wembe, wewe una maonyo mawili tayari. La tatu linakutoa getini, na wifi yuko karibu kujifungua. Siku ukitaka kusema, utasema.” Hakulitaja tena. Miaka kumi na tisa nimekuwa mkubwa wake, na mara mbili nimemgombeza kwa kuchelewa.

Leo nasema. Aliyekata ni mimi. Namwomba mkurugenzi, mbele ya wageni hawa, aitoe barua ile katika faili la Bi Gundi na kuiweka katika langu. Itakuwa ya tatu, na matokeo yake nitayapokea. Cheti apewe leo, kiwe na jina lake alilopewa na wazazi wake. Asije mtu kusema mzee amechanganyikiwa. Karatasi hizi nimezichapisha na kuzikata mwenyewe, nakala mia mbili, na mnaposoma hapa zimeshagawanywa kwenye viti vyote.

Dada yangu, kwa vitabu vyote ulivyovirudisha mikononi mwa wanaovisoma wakiwa na shida, karakana nzima inakushukuru. Mimi nakuomba radhi, na nakuomba hadharani kwa sababu ulibeba hadharani. Tunakuombea afya, macho yasiyochoka, na asubuhi ndefu za kuvisoma sasa vile ulivyokuwa unavishona tu. Saa kumi ikifika, mzigo wako hadi getini nitaubeba mimi, na asijitokeze mtu kunisaidia.