Msumari wa Fundi Felisiani

Ndugu, majirani na nyie nyote mliokaa nasi tangu juzi, marehemu Felisiani Machibya, fundi viatu, alizaliwa Magamba tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Kassiani na Mama Bibiana, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyo alitembea kabla ya kujua kukaa, jambo ambalo waliomfahamu hawatalibisha.

Alisoma shule ya msingi hapo Magamba kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na mwaka 1979 akaanza kujifunza kazi kwa Fundi Obadia, karibu na stesheni ya Mpanda, ila kukaa kutwa kwenye kigoda kulimshinda, akajitwika sanduku la vifaa na kuwafuata wateja majumbani kwao, Kashaulili asubuhi, Magamba jioni, miaka arobaini na ushee. Akigeuza kiatu chako anakwambia unyayo wako ni bapa, au kisigino kinakuchoma ukishuka kitandani, au umeanza kuburuta mguu mmoja, uende hospitali, na mara nyingi alikuwa sahihi mpaka inaudhi. Hakurudisha kiatu cha mtu bila kuingiza mkono ndani na kupapasa kama kuna ncha ya msumari.

Jumamosi tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na Dafrosa, wakajaliwa watoto watatu, Recho, Maiko na Jonas, na wote walimjua baba yao kwa mlio wa sanduku lake linapokaribia nyumbani.

Mwaka 2017 alikutwa na ugonjwa wa sukari, akaambiwa akague nyayo zake kila jioni, naye akacheka, maana miguu ilikuwa imeingia ganzi na yeye aliona amepata nafuu, anatembea na haumii. Tarehe 9 Agosti 2024 alipigilia soli ya kiatu chake mwenyewe kwa haraka, akakivaa bila kukipapasa, akazunguka nacho kutwa nzima, na jioni alipokivua akakuta soksi imegandia kisigino kwa damu. Aliuchomoa msumari uliotokeza ndani ya kiatu akauficha, akanyamaza kwa aibu, fundi wa watu wote kutobolewa na kiatu chake.

Kidonda kilioza, mguu ukavimba kutoka kifundoni hadi kwenye shavu la mguu, na familia, ikiongozwa na mdogo wake Amosi, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii, ikasema amekanyagishwa dawa, kwa kuwa mwezi Juni walikuwa wamegombania mpaka wa shamba na jirani yao Mzee Zablon. Amosi alimzungusha kwa waganga wiki tisa, na wiki hizo zote nyumba ya Zablon haikusalimiwa, hata kisimani wake zetu waligeuza nyuso. Zablon alikuja na bajaji ili mgonjwa apelekwe hospitali, Amosi akamfukuza, akarudi, akafukuzwa tena, na mara ya tatu, tarehe 11 Oktoba, Dafrosa mwenyewe akafungua mlango.

Madaktari walimkata mguu chini ya goti, lakini maambukizi yalikwishaingia kwenye damu. Kitandani hakutulia, akawa anajigeuza na kuulizia Zablon amekuja au hajaja, mpaka siku moja akamwita Amosi na kumpa kiberiti kilichokuwa chini ya mto, ndani yake mna msumari mmoja.

"Mdogo wangu, nyie mnamsema Zablon bure. Nilichokanyaga ni hiki, nimekipigilia mwenyewe. Uyasome haya mbele ya watu, usinizike na uongo."

Alifariki Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, mafundi wenzake wa Kashaulili waliofunga kazi kuja hapa, na majirani waliopika na kuchota maji. Mzee Zablon, uliyekaa kule nyuma barabarani kwa sababu yetu, kiberiti kiko hapa mezani, kila mtu aje akione, na baada ya mjane na watoto, wa kutia udongo ni wewe, ukikubali, kwa maana Amosi amekukosea na anakuomba radhi mbele ya hawa wote.

Kaka, nimesoma kama ulivyoniagiza. Tulia sasa, pumzika kwa amani.