Maisha ya Bibi Karibu na Kuta za Mtaa Wetu

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutoka karibu na mbali, familia inawaomba mtulie kidogo mzisikilize habari za maisha ya mama yetu, kwa kuwa yeye mwenyewe, ambaye siku zote hakukosa la kusema, leo amenyamaza.

Bibi Karibu, kama mtaa mzima ulivyomwita, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1950, katika nyumba ya ghorofa moja iliyoko kwenye kona ya mtaa wetu wa zamani, akiwa mtoto wa nne na binti pekee wa baba mfua vyuma na mama mshonaji. Waliokua naye wanasimulia kwamba alikuwa mwembamba kama uzi lakini mwenye sauti ya mtu mzima, akitumwa sokoni alirudi na habari nyingi kuliko vitu, na kila asubuhi kabla ya shule alifagia ngazi ya mawe, ambayo katikati ilikuwa imelika kama kipande cha sabuni kwa nyayo za waliotangulia. Nyumba zote za mtaa wakati huo zilikuwa za mawe na chokaa, kuta zake nene kiasi cha mtoto kulala usingizi kwenye kizingiti cha dirisha, na mtu akitoka kwenye jua la mchana na kuingia ndani alihisi kama ametia uso kwenye mtungi wa maji.

Marehemu alianza elimu ya msingi mwezi Januari 1958, katika shule iliyokuwa nyuma ya posta, akaimaliza mwezi Desemba 1964, na ingawa alifaulu hakuendelea, kwa sababu kaka zake walikuwa bado wanasoma na macho ya baba yalikwishaanza kuharibika kwa moto wa tanuri. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa hilo, ila hadi uzeeni, akimwona mjukuu anachorachora daftari ovyo, alimwambia, "Wewe, hilo unalolichezea mwenzio nililililia."

Mwezi Machi 1969 aliajiriwa katika hoteli iliyo karibu na stesheni ya reli, kwenye chumba cha kufulia, akafua, akaanika na kupiga pasi mashuka ya wageni hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2000. Ni katika chumba hicho alipopata jina lake, maana wageni walioteremka kutafuta kifungo cha shati walimuuliza kuna nini cha kutazama katika mji huu, naye aliwaambia wasubiri amalize zamu, kisha akawaleta nyumbani, akisema "karibu, karibu" njia nzima. Aliwaonyesha ngazi, ua wa ndani na boriti za dari zilizochongwa maua, huku mama yake akimvuta pembeni na kumnong'oneza, "Wewe mtoto una akili kweli? Watu wametoka kwao na ndege, unawaonyesha ngazi?" Lakini wageni walipiga magoti wakaipapasa ngazi ile, na tangu siku hiyo marehemu akaanza kuiona nyumba yao kwa macho mapya.

Tarehe 14 Agosti 1971 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole asiye na maneno mengi, aliyefungua duka lake dogo chini ya nyumba hiyohiyo, na ambaye alipenda kusema kwamba alioa mke mmoja akapewa na watalii juu. Waliishi pamoja kwa upendo hadi mauti yalipomchukua mume tarehe 2 Februari 2004, wakiwa wamejaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana mmoja. Marehemu ameacha pia wajukuu saba na kitukuu mmoja, ambaye alimwita "mgeni wangu mheshimiwa."

Baada ya kustaafu, marehemu hakukaa kitako. Mwaka 2001 yeye na majirani walianzisha kikundi cha mtaa, cha kuwatembeza wageni na kuzitunza nyumba za zamani, akachaguliwa mwenyekiti, na ndipo lilipotokea jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisiachwe nje ya historia yake. Mwaka 2003 zilikuja habari kwamba wakubwa wa kampuni za utalii watapita kuchagua mitaa ya kuletea wageni, na marehemu, kwa hamu ya kuona mtaa unapendeza, aliwashawishi majirani wote kuzipiga nyumba zao lipu ya saruji na rangi nyeupe. Jirani wa mbele, fundi viatu, ndiye pekee aliyesita, akasema nyumba yake imezoea ilivyo, marehemu akamjibu mbele ya mkutano, "Jirani, mtaa mzima uvae suti, wewe peke yako ubaki na shati la kulalia?" Watu wakacheka hadi machozi, fundi viatu naye akacheka, akakubali.

Mtaa ulichaguliwa, na kwa muda kila mtu alifurahi. Lakini katika mvua za pili kuta zilianza kutoka jasho, rangi ikavimba malengelenge, nyumba zilizokuwa na ubaridi wa mtungi zikawa na harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, na tarehe 18 Mei 2006 ukuta wa mbele wa fundi viatu ulianguka, ukaondoka na chumba cha juu na kitanda chake. Kwa bahati yeye na mkewe walikuwa harusini. Fundi viatu hakufoka wala hakushtaki, aliacha tu kuitikia salamu ya marehemu, na wiki chache baadaye maofisa wa jiji wakachora alama nyekundu kwenye kila mlango, wakitangaza kwamba nyumba zote ni hatari na zitabomolewa ili pajengwe maegesho ya magari.

Marehemu alikaa ndani akiwa ameshika tama, hataki kula, hadi alipoubandua ukuta wake mwenyewe kwa kijiko na kuona mawe yamelowa chapachapa. Alikuwa amefua mashuka maisha yake yote, akaelewa mara moja kwamba saruji iliyafunga mawe yale kama shuka bichi lililotiwa kwenye mfuko wa nailoni. Akaitisha mkutano uani kwake, akasimama akasema, "Ni mimi niliyeyaleta haya, na sitatafuta wa kumsingizia. Tutaibandua nyumba moja baada ya nyingine, na yangu itakuwa ya mwisho." Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Kuanzia hapo aliwafuata maofisa wa jiji bila kuchoka, akikalia benchi lao hadi mesenja akawa anamletea chai, na mwishowe wakakubali kwamba nyumba itakayobanduliwa saruji na kurudishiwa chokaa itafutwa alama yake. Alianza na ya fundi viatu. Lipu ya chokaa haitaki haraka, ikikauka ghafla inapasuka, hivyo lazima ifunikwe kwa kitambaa kilicholowa kwa siku nyingi, naye akaenda kwenye hoteli yake ya zamani akaomba mashuka yaliyochakaa, akayatundika kwenye kuta na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Ukuta ulipokamilika, fundi viatu alitoka, akautazama, akamshukuru mwashi aliyeupiga lipu, kisha akaingia ndani bila kumtazama marehemu, naye akaokota ndoo yake akaenda nyumba ya pili.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba watalii waliongezeka. Walikuja kuona mtaa uliotundikwa mashuka, wakauliza maswali, wakaomba patasi, na wengine walirudi mwaka uliofuata kutumia likizo yao wakiwa wamepakaa chokaa hadi kwenye kope, huku marehemu akiwafokea kama watoto wake, "Taratibu basi! Huo ni ukuta, si nyoka!" Alama nyekundu zikafutwa mlango kwa mlango, hadi ikabaki moja, nayo ilikuwa ya kwake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Septemba 2019, akatibiwa katika hospitali kuu ya jiji, na alipokosa nguvu za kupanda ngazi kitanda chake kilishushwa chumba cha chini, ambako ukuta ulikuwa umelowa kuliko wote. Kila tulipotaka kuanza kuubandua alitukataza, akisema bado kuna kwa mjane wa kinyozi, bado kuna kwa fundi cherehani, na nyumba hizo zilipokwisha akasema hana haki ya kuwachosha watu. Tarehe 23 Oktoba 2023 alilazwa tena, na siku iliyofuata fundi viatu, ambaye hakuwa amevuka kizingiti chetu kwa zaidi ya miaka kumi na saba, alibisha hodi akiwa na nyundo, patasi na majirani nyuma yake. Tulipomweleza kwamba mama amekataza, alijibu, "Akitoka hospitali aje anifokee mwenyewe," akaanza kugonga.

Marehemu aliruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 14 Novemba, akakuta kitanda chake kimezungukwa na mashuka yaliyolowa na chumba kinanukia chokaa mbichi. Aliuliza ni nani, akaambiwa, akamwita. Fundi viatu alikuja akaketi kwenye kigoda, marehemu akanyoosha kidole na kusema, "Jirani, ile kona umeiharibu." Naye akajibu, "Nimeiacha makusudi, uwe na cha kunigombeza." Walicheka mpaka muuguzi aliyemsindikiza akaja kuwatuliza, na tangu siku hiyo fundi viatu alifika kila asubuhi, akamsalimia, akaitikiwa.

Mama yetu alifariki dunia nyumbani, tarehe 21 Novemba 2023, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka minne bila kuchoshwa na maswali yake, wafanyakazi wa hoteli, wenzake wa zamani, kwa mashuka na kwa kumkumbuka, wanakikundi, na majirani wote mliopika, mliokesha na mliobeba. Kwa fundi viatu tumeandika maneno mengi tukayafuta, tunasema asante.

Mtakaofika nyumbani baada ya mazishi, tunawaomba msiegemee ukuta wa chumba cha chini, kwa kuwa chokaa bado haijashika. Ndoo iko nyuma ya mlango. Atakayeona shuka limekauka, asingoje kuombwa, alinyunyizie maji.

Pumzika, mama yetu, amani iwe nawe, ukuta wako tunaumalizia sisi.